Kaka anataka urithi wetu uende kwenye hoteli ya Antalya

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Unguja, ninaishi Maskat na mume wangu na watoto. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Alituachia nyumba mjini na shamba, na mambo ya mirathi yalipokamilika kwa kadhi tulikubaliana vyote viuzwe. Madeni ya marehemu yakalipwa, zikabaki dola 320,000. Warithi ni mama yetu, kaka zangu wawili na sisi mabinti watatu; mimi ni wa kati.

Kaka mkubwa ndiye aliyesimamia kila kitu tangu baba anaumwa, na fedha zote bado ziko katika akaunti yake. Kwa hilo simshuku, ni mtu mwaminifu na amebeba mzigo mkubwa. Yeye huchukua vitambaa na samani Istanbul, na huko amejuana na bwana mmoja anayejiita mshauri wa uwekezaji. Bwana huyo amempa habari ya hoteli ya nyota tano inayouzwa Belek, mkoa wa Antalya, pwani ya Mediterania. Picha nimeziona: vyumba 340, mabwawa matano, hamamu, ukumbi wa harusi, na tangazo linasema ina ufukwe wake binafsi. Bei ni euro milioni 38.

Mpango wenyewe ni huu. Tutoe dola 300,000 kama amana ya kuishikilia hoteli kwa siku 90. Ndani ya siku hizo atakuja mnunuzi mkubwa, wanasema yuko Ghuba na yuko tayari. Hoteli ikishauzwa, kaka atapata asilimia 2 ya bei kwa udalali, yaani euro 760,000, tugawane. Amana yetu haitarudi, itageuzwa kuwa hisa za hoteli, tuwe tunapata gawio kila mwaka. Juu ya hayo, bwana huyo amesema familia nzima tutapata pasipoti za Uturuki. Fedha zitumwe kwenye akaunti ya kampuni iliyoko Dubai.

Nilimuuliza kaka kama tunaweza kwenda kuiona hoteli na kuzungumza na wenyewe. Akasema kwa sasa haiwezekani, wafanyakazi hawajui kama inauzwa, na yeye ametia saini karatasi ya kutunza siri. Mume wangu alitafuta akazikuta picha zilezile kwa dalali mwingine, bei euro milioni 45. Kaka akajibu kwamba hiyo ndiyo dalili kuwa sisi tumepata bei nzuri.

Mama yuko upande wake. Ananiambia mimi niko mbali, shida za nyumbani sizijui, na kwamba baba angependa tuwe kitu kimoja. Kaka mdogo hasemi kitu. Mdogo wetu wa kike ameshatia saini hati ya wakala inayompa kaka uwezo wa kuuza, kununua na kuweka rehani kwa niaba yake. Dada mkubwa anasubiri nitakalofanya mimi. Hati yangu imeletwa kwa WhatsApp, na kaka anataka niirudishe ikiwa imethibitishwa kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu msimu wa watalii unakaribia na bei itapanda.

Mjomba, hoteli mimi naijua kwa kulala tu. Kwetu Nungwi na Kiwengwa nimeona hoteli zikiwatajirisha watu, kwa hiyo sitaki nionekane ninamzibia kaka riziki kwa woga. Lakini usingizi umenipaa. Nitie saini? Na nisipotia, nitaishi vipi na mama yangu?

Binti wa Unguja, Maskat

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Usitie saini. Nimelitanguliza hilo kwa sababu siku ulizopewa ni chache, na kwa sababu kuna la mdogo wako ambalo haliwezi kungoja. Hati ya wakala aliyoitoa inaweza kufutwa. Aandike barua ya kuifuta, aithibitishe kwa wakili, ampe kaka nakala mkononi, na kama hati ile imeshafikishwa kwa mtu yeyote Uturuki, huyo naye ajulishwe kwa maandishi. Uwezo wa kuuza, kununua na kuweka rehani kwa jina la mtu ni mkubwa mno. Anaweza kuamka siku moja akajikuta mdhamini wa deni asilolijua, na kaka yake hakukusudia ubaya wowote.

Sasa nizungumzie hoteli yenyewe, kwa kirefu, maana kaka yako anastahili kujibiwa kwa hoja. Ukimwambia tu “naogopa”, atakushinda.

Antalya ni pwani ya kweli yenye biashara ya kweli. Mwaka 2023 wageni zaidi ya milioni 15 walishuka huko kwa ndege, Warusi na Wajerumani wakiongoza, na Belek ndiyo sehemu yake ya fahari, yenye viwanja vya gofu na timu za mpira za Ulaya zinazokuja kufanya mazoezi wakati wa baridi. Hoteli kubwa huuzwa huko, na wanunuzi wa Ghuba wapo. Kwa hiyo kaka hakuota. Lakini yanayoandikwa kwenye tangazo la hoteli ya pwani ile na yanayouzwa hasa ni vitu viwili, na hapo ndipo fedha za watu hupotea hata pale ambapo hakuna mwizi.

Anza na ardhi. Sehemu kubwa ya hoteli za Belek na Kemer zimejengwa juu ya ardhi ya serikali, mara nyingi ya msitu. Chini ya sheria ya kuendeleza utalii, namba 2634 ya mwaka 1982, serikali ya Uturuki humpa mwekezaji ardhi hiyo kwa muda, kwa kawaida miaka 49, naye hujenga na kuendesha. Wewe ni mtu wa Unguja, hili huhitaji kufundishwa: ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mwenye hoteli pale Nungwi amekodishwa na Serikali, hakununua mchanga. Belek ni vivyo hivyo. Mwenye hoteli akisema “nauza”, mara nyingi anauza miaka iliyobaki. Hoteli iliyopewa ardhi mwaka 1989 muda wake unakwisha 2038. Kuongezewa muda kunawezekana, ila kuna malipo na masharti, na mwenye uamuzi ni serikali. Euro milioni 38 kwa miaka 40 iliyobaki ni bei ya aina moja, na kwa miaka 12 ni bei ya aina nyingine kabisa. Muulize kaka: hoteli hii imebakiwa na miaka mingapi? Kama hajui, basi hajui anachonunua.

Hiyo habari ya ufukwe binafsi nayo ni ya kuachana nayo. Katiba ya Uturuki, ibara ya 43, inaweka fukwe chini ya mamlaka ya dola, na sheria ya pwani namba 3621 ya mwaka 1990 inasema ufukwe ni wa kila mtu kwa usawa. Hoteli inaweza kupewa ruhusa ya kuweka vitanda na miavuli kwa malipo. Kuumiliki mchanga haiwezi. Dalali anayeandika “ufukwe wake binafsi” amenikera, kwa sababu anajua mnunuzi wa mbali hatauliza.

Halafu kuna namna ya kuuza. Hoteli ya ukubwa huo kwa kawaida inamilikiwa na kampuni, na mara nyingi kinachohamishwa ni hisa za kampuni hiyo. Ukinunua kampuni umenunua na yaliyomo ndani yake: mikopo ya benki, kodi ambazo hazijalipwa, michango ya hifadhi ya jamii ya wafanyakazi, kesi zilizoko mahakamani. Kwa sheria ya Uturuki mfanyakazi anayeachishwa hulipwa mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka aliotumikia. Hoteli ya vyumba 340 ina mamia ya watu, na baadhi yao wako hapo miaka kumi au kumi na tano. Hebu piga hesabu mwenyewe. Kuna pia fedha za mawakala wa utalii wa Ulaya, ambao huweza kumlipa mwenye hoteli kabla ya msimu ili awawekee vyumba. Mnunuzi anayefika Aprili anaweza kukuta vyumba vya Julai vimeshalipiwa na fedha zimeshaliwa.

Mapato yenyewe hayatulii. Novemba 2015 Uturuki iliangusha ndege ya kivita ya Urusi, Moscow ikazuia watalii wake, na Julai 2016 likaja jaribio la mapinduzi. Mwaka ule pwani ya Antalya ilikuwa kilio. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza ilianguka, ikawaacha wenye hoteli wakidai malipo ya wageni waliokwisha kulala na kula majira yote ya joto. Mwaka uliofuata ni korona. Mwaka 2022 ni vita vya Urusi na Ukraine, nchi mbili zilizokuwa zikileta wageni wengi huko. Kila mara pwani imeinuka tena, hilo ni kweli, lakini iliinuka na waliokuwa na fedha za kungoja. Wengine ndio hao wanaouza.

Gharama nazo zimepanda vibaya. Mshahara wa chini Uturuki mwaka 2021 ulikuwa lira 2,825 kwa mwezi. Mwaka 2025 ulikuwa lira 22,104, karibu mara nane. Euro nayo imepanda kwa lira, ila haikufika huko, na mwenye hoteli hukubaliana bei ya vyumba na mawakala kwa euro miezi mingi kabla. Wageni wa Antalya wamezoea kulipa mara moja wakapata vyote ndani, chakula na vinywaji asubuhi hadi usiku, kwa hiyo bei ya nyama, mafuta na umeme ikipanda ni mwenye hoteli anayeibeba. Ongeza ukaguzi wa zimamoto, ambao umekuwa jambo zito tangu Januari 2025, watu 78 walipokufa kwa moto katika hoteli ya Kartalkaya, huko milimani Bolu. Hoteli ya zamani inaweza kudaiwa ngazi mpya za dharura na mitambo mipya kabla ya kupokea mgeni hata mmoja. Ni haki kabisa idaiwe. Lakini ni nani atakayelipa? Mwenye hisa.

Na nyinyi mtakuwa wenye hisa wa namna gani? Dola 300,000 katika hoteli ya euro milioni 38 hazifikii hata asilimia moja. Mwenye asilimia moja hana sauti kwenye kikao, haamui gawio litolewe au lisitolewe, na akitaka kutoka hakuna wa kumnunua. Katika barua yako sikuona jina la kampuni ambayo hisa zake mtapewa. Mnunuzi wa Ghuba, ambaye bado hajaonekana, ndiye atakayekuwa mwenye hoteli. Kwa nini awape nyinyi hisa zake? Nimelirudia swali hilo mara kadhaa nikisoma barua yako na sijaona linajibiwa wapi. Kama mnunuzi yupo na yuko tayari, alipe amana yeye. Mwenye euro milioni 38 hashindwi na dola laki tatu za mjane na mayatima.

Hapo ndipo penye uzito wote, mpwa wangu. Dalali ni mtu wa kulipwa baada ya mali kuuzwa. Dalali anayeombwa atoe fedha mwanzo ili apate haki ya kutafuta mnunuzi amegeuzwa yeye kuwa mnunuzi, ila wa kitu kisichokuwepo. Uturuki udalali wa majengo una kanuni: anayeufanya anatakiwa kuwa na cheti cha idhini kutoka wizara ya biashara, na ujira una kikomo. Kaka yako hana cheti hicho. Hata mambo yakienda kama alivyoahidiwa, hana pa kusimama siku akidai euro 760,000 zake.

Sasa tazama njia ya fedha. Mgeni anayenunua jengo Uturuki huhamishiwa katika ofisi ya serikali ya hati za ardhi, mbele ya ofisa, na kama hajui Kituruki lazima awepo mkalimani aliyeapishwa. Tangu Januari 2022 mgeni hutakiwa kuingiza fedha zake za kigeni kupitia benki ya Uturuki na kupewa cheti cha kuzibadilisha kabla ya hati kuandikwa jina lake. Hoteli iko Belek, mwenyewe ni Mturuki, na fedha zinapelekwa kwa kampuni ya Dubai. Kwa mauzo gani? Dubai watu wema ni wengi na biashara halali ni nyingi, lakini akaunti ya kampuni nyingine katika nchi ya tatu, nje ya benki za nchi ilipo mali, haiachi alama yoyote ya kwamba mlinunua kitu. Siku ya kudai mtakwenda mahakama ipi, na karatasi gani mkononi?

Kuhusu pasipoti, hapa bwana yule amesema uongo mtupu, na kaka anaweza kuuhakikisha mwenyewe. Uturuki hutoa uraia kwa anayenunua jengo. Kiwango kilikuwa dola milioni 1 mwaka 2017, kikashushwa hadi 250,000 mwaka 2018, na tangu Juni 2022 ni dola 400,000. Fedha zenu zote warithi sita ni 320,000. Hata zingefika, jengo hutakiwa kuwa kwa jina la mwombaji na lisiuzwe kwa miaka mitatu, na uraia humfuata mke au mume na watoto walio chini ya miaka 18. Mama, kaka na dada hawamo. Familia nzima haipati chochote kwa amana ya kushikilia hoteli. Mtu aliyemdanganya kaka katika jambo linalothibitika kwa nusu saa, kwa nini aaminiwe katika yale yasiyothibitika?

Mawili katika barua yako nataka kuyatendea haki, maana mumeo huenda ameyageuza ushahidi mkubwa kuliko yalivyo. Siri ni jambo la kawaida katika mauzo ya hoteli. Wafanyakazi wakisikia wanaondoka, na mawakala wa utalii wakisikia wanapunguza vyumba, kwa hiyo mwenye hoteli huficha. Vilevile mali moja kuonekana kwa madalali wawili kwa bei mbili hakumaanishi ni ya bandia. Hoteli za pwani ile hupita mikono mingi, na kila mkono huongeza chake. Lakini siri ya kuwaficha wafanyakazi haimzuii mnunuzi kulala pale usiku mbili kama mgeni, kwa fedha yake. Wala haimzuii mwenye hoteli kumwonyesha wakili wake hati. Na madalali wawili wenye bei mbili wanatuambia kwamba bwana wa Istanbul hana haki ya peke yake juu ya hoteli hiyo. Sasa atamshikiliaje mwenye mali kwa siku 90?

Nije kwa mirathi, maana naona mmesahau jambo ambalo dini imelimaliza. Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imegawa. Mama yako ni mjane mwenye watoto, ana thumni, yaani moja ya nane, dola 40,000. Zinazobaki ni 280,000, mwanamume hupata sehemu ya wanawake wawili: kila kaka 80,000, na kila binti 40,000. Hizo 40,000 ni zako tangu baba alipofariki. Kaka anazishika kwa amana tu, hata awe mwaminifu namna gani. Umoja wa ndugu haupunguzwi na kila mmoja kushika chake. Mwombe kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, akupelekee fungu lako katika akaunti yako, na dada zako waombe vivyo hivyo. Mkifanya hivyo kabla ya mwisho wa mwezi, suala la hoteli litabaki kwa wenye hamu nayo na fedha zao. Ikikwama, kadhi aliyeigawa mirathi yupo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo. Lakini usianze na huko, usimtangulizie kaka barua ya ofisi kabla hujazungumza naye.

Zungumza naye wewe mwenyewe, kwa simu, bila mumeo pembeni na bila mama kusikiliza. Kaka aliyemuuguza baba, akasimamia deni na mauzo, amechoka, na nadhani hoteli hii kwake ni njia ya kuwaonyesha kwamba hakuzitunza fedha za baba bure. Ukimwambia ametapeliwa ataitetea hoteli kwa sababu ya heshima yake. Mwambie umemsikia, na kwamba utaitazama pamoja naye akikuletea karatasi tatu. Ya kwanza ni nakala ya hati ya umiliki, Waturuki huiita tapu, ya tarehe ya karibuni, ikionyesha rehani na mazuio yaliyoandikwa juu yake, pamoja na mkataba wa serikali wa kuitoa ardhi. Ya pili ni barua ya mwenye hoteli, yenye mhuri wa kampuni yake, inayomtambua bwana wa Istanbul kuwa wakala wake. Ya tatu ni hesabu za hoteli za miaka mitatu zilizokaguliwa. Zisomwe na wakili wa Antalya mtakayemchagua nyinyi, aliyesajiliwa na chama cha mawakili cha huko, asiwe yule atakayeletwa na dalali. Ujira wa wakili kwa kazi hiyo ni sehemu ndogo sana ya amana mnayoombwa.

Ninavyoona, bwana yule akiombwa hizo karatasi atakasirika, atasema kuna mnunuzi mwingine mlangoni, atapunguza amana iwe nusu. Kaka ayaone hayo kwa macho yake. Yatamwambia yale ambayo dada yake hawezi kumwambia.

Mama ni suala jingine. Anachoogopa si kuikosa hoteli. Ana watoto watano na mume amekwenda. Hofu yake ni kwamba mtatawanyika. Kwa hiyo usibishane naye habari ya Uturuki hata kidogo. Mpigie mara kwa mara, muulize afya yake, na siku moja mwambie hivi: “Mama, thumni yako ni arubaini elfu. Hizo ni za kula yako na dawa zako mpaka mwisho, naomba usizitoe kwa mtu yeyote, hata kwangu.” Kama unaweza, nenda Unguja hata kwa wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, mkae wote sita, fedha zigawanywe mbele ya mama, na kila mmoja atie saini kwamba amepokea chake. Yatasemwa maneno makali siku hiyo, sikufichi. Lakini ni afadhali yasemwe wakati fedha zingali ndani ya nyumba.

Mdogo wako asikawie na barua yake ya kufuta wakala. Na kaka akizileta hizo karatasi tatu, niandikie tena, nitazisoma nanyi mstari kwa mstari.

Mjomba wako